Koti la Marehemu

Mwenye kikundi cha maigizo hakuwa na mazoea ya kutazama jukwaa. Alichungulia watu kupitia tundu la pazia, na kila walipocheka alijipigapiga paja taratibu, kama anayebembeleza mtoto. Siku hiyo ukumbi ulivunjika mbavu: mjane jukwaani alililaza kitandani koti la marehemu, akaliuliza kama limeshiba. Mstari wa mbele, kwenye kiti cha heshima, fundi cherehani wao, aliyemnong'oneza siku moja akishona siri yake hiyo na koti la mumewe, alikuwa ameinamisha kichwa. Mkono wa mwenye kikundi ukakwama pajani. Watu walipoanza kutoka, alimwahi fundi mlangoni.

"Mama, jina nilibadilisha."

"Ulibadilisha, baba," akajibu kwa upole. "Lakini majirani wanalijua koti la mume wangu."

Mtazamaji aliyefuata akampa mwenye kikundi mkono. "Bwana, mmetuchekesha hasa."

Akaupokea bila kuinua uso.