Mwanangu wa kwanza alivyoponea chupuchupu kuitwa jina la maksai, kisa ndimi zetu za Shinyanga na Geita

Wakuu, heshima kwenu. Wadogo zangu, shikamoo zenu nimeshazipokea hata kabla hamjazileta, marahaba.

Mimi ni mzee wa Didia, Shinyanga. Umri umekwenda, ila bando ninalo na kumbukumbu ipo.

Juzi humu kijana mmoja alilalamika kwamba mama mkwe wake anamwita mtoto Lyan badala ya Ryan, eti anamharibia mtoto jina. Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikasema ngoja na mimi nishushe la kwangu. Siongezi chumvi, chakula chenyewe kilishakolea.

Twende.

Ilikuwa miaka ya hamsini, enzi za mkoloni. Nilikuwa kijana wa Kisukuma mwenye kifua, nafanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu kule Geita. Mke nilimpata hukohuko, binti wa Kizinza kutoka upande wa Rwamgasa.

Siku moja tukiwa chini, magogo ya kuegemeza yakaachia. Udongo ukatushukia, giza totoro, vumbi, kila mtu anapiga kelele anaita mwenzake. Mimi nilifukiwa hadi kifuani.

Wengine wakawa wanakimbilia nje. Aliyerudi akanichimbua kwa mikono yake ni mwenzangu wa zamu, anaitwa Hilari, Mngoni wa Songea. Hakuwa na mke wala mtoto.

Nikiwa bado natema udongo nikamwambia, mtoto wangu wa kwanza atabeba jina lako. Alicheka kidogo, akageukia pembeni. Nikajua limemwingia.

Basi mke akajifungua kidume, nyumbani kwetu Didia. Mama yangu yupo, na mama mkwe naye akafunga safari kutoka Rwamgasa kuja kumhudumia bintiye.

Hapo ndipo sarakasi zilipoanza.

Mama hajui Kizinza, mkwe hajui Kisukuma. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha, na kila mmoja alikuja nacho cha kwao. Wasukuma wa wakati ule R tulikuwa hatuiwezi, tunaweka L. Wazinza wao kinyume, L inageuka R.

Mama anambeba mtoto: "Hilali, mjukuu wangu, kalibu duniani!"

Mkwe anampokea: "Hirari, rara baba, usirie."

Mtoto anapasua anga kwa kilio.

Mimi roho inaniuma. Nimeahidi jina la mtu, halafu kwenye nyumba nzima halitamkiki! Mama mkwe nisingethubutu kumkosoa. Kwa heshima zetu hata kumtazama usoni ni kosa, salamu yenyewe unaitolea nyuma ya ukuta. Nikawa namwandama mama mzazi.

"Mama, siyo hivyo. Sikiliza nisemavyo mimi, halafu ufuatishe."

Nalitamka jina. Naye analifuatisha.

"Siyo hivyo, mama!"

"Sasa mimi nimesema nini?"

Mke wangu kajifunika kanga usoni, mabega yanamtetemeka kwa kicheko. Nilidhani anamcheka mama.

Sasa kwa wasiojua mila zetu. Kwa Wasukuma wa zamani, mtoto mchanga akilia bila kukoma huku hana homa wala tumbo halimsumbui, wazee wanasema analikataa jina. Kuna babu au bibi aliyetangulia anataka kukumbukwa. Dawa yake ni kumtajia majina ya wahenga moja moja. Atakaponyamaza, ndilo hilo hilo. Hakuna rufaa.

Mama akaketi naye uani, anataja. Masanja. Mtoto analia. Maganga. Analia. Luhende. Ndiyo kwanza anaongeza sauti. Mkwe naye akachangia wazee wa Kizinza, holaa. Mimi nasikiliza nje ya ua, nawaombea wahenga wote wa pande mbili wakae kimya, ili jina la mwenzangu lipone.

Wakati huo tulikuwa na maksai mmoja mweupe wa kulimia, jina lake Sabuni. Alikuwa mwizi sugu. Akaona wanawake wameshughulika, akajipenyeza kwenye mtama.

Mama kumwona tu: "Sabuni! Wee Sabuni! Toka huko!"

Mtoto kimya.

Wakuu, kimya kabisa. Kakodoa macho, anatafuta ziwa.

Mkwe akamshika mama mkono. "Amenyamaza!" Wale kina mama waliokuwa hawajaafikiana hata kiasi cha chumvi kwenye mboga, siku hiyo wakaafikiana papo hapo. Wakajaribu tena kwa uhakika. Hilali, analia. Hirari, analia. Sabuni, kimya!

Kesho yake asubuhi jirani anapita kisimani, namsikia anamsalimia mke wangu, "Mwangaluka, Mama Sabuni!"

Kwetu mzazi huitwa kwa jina la mtoto. Ina maana mimi niliyetoka hai shimoni nitaitwa Baba Sabuni mpaka naingia kaburini. Hayo ningeyameza. Lakini Hilari nitamwambia nini? Kwamba nafasi ya jina lake nimempa ng'ombe?

Na siku si nyingi akaja. Alipata likizo, akafunga safari kutoka Geita hadi Didia kumwona wa jina lake, na kanga mpya ya mtoto kwenye mfuko. Alipoona tunaangaliana, akauliza, "Kwani mtoto anaitwa nani?"

Nikajikaza, nikasema kwa sauti kubwa, "Anaitwa Hilali!"

Hilari akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Mke wangu naye akashindwa kujizuia.

Wakuu, ndipo nilipojua. Muda wote ule namfundisha mama yangu R ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuwa nayo mdomoni!

Nikataka ardhi ipasuke. Hilari akafuta machozi, akamgeukia mama.

"Mama, siku ile shimoni kulikuwa na giza. Watu wengi wananiita. Hilari huku, Hilari kule, huwezi kujua nani ni nani. Mmoja tu akawa analia Hilali, Hilali. Nikajua huyu ni Msukuma wangu. Nikaifuata sauti yake."

Uani hapakuwa na aliyecheka tena.

Mama akasema, "Wabeja, mwanangu, asante." Kisha akamwinua mtoto akamwita, "Hilali." Mtoto akapasuka kulia kama kawaida yake.

Mkwe, aliyekuwa nyuma ya ukuta, akamkumbusha kwa upole, "Anaria, mama. Anarikataa."

"Na alie," mama akasema. "Alie mpaka achoke. Ndilo jina lake."

Akalia, akachoka, akalizoea. Mkwe alimwita Hirari hadi mwisho wa uhai wake, baba mkubwa wa Songea akamwita Hilari, na mtoto aliitika kote. Hakuhitaji kugeuka kumtazama anayemwita.

Mama alipofariki, mwanangu alishakuwa kijana mkubwa. Tulipotoka makaburini akatembea na mimi, halafu akasema, "Baba, sasa nyumbani wa kuniita Hilali umebaki wewe tu."

Watoto wa shule wamejaribu sana kuninyoosha ulimi. Nimegoma.

Kwa hiyo wewe kijana wa Ryan, mwache bibi aseme Lyan. Siku atakapokuwa hayupo utaitafuta hiyo L hata kwa kuinunua, na hutaipata.

Haya wakuu, jukwaa ni lenu. Kwenu ni nani analiharibu jina lako, na analitamkaje? Shusheni, mzee nipo macho, nasoma yote.