Zoya na mfalme asiyetaka kushuka

Saa nne asubuhi mazoezi ndiyo kwanza yanaanza, na Zoya Kapitonovna ameukalia mchezo. Kweli, ameukalia! Makaratasi ya mchezo yamemponyoka, na kwenye kumbi za maigizo za huku Kostroma, Urusi, yakidondoka unayakalia kwanza ndipo uyaokote. La sivyo, jukwaani kutaharibika.

"Cheka tu," anasema, bado yuko chini. "Leo sitaki mkosi."

Kazi yake ni kuwanong'onezea waigizaji wanaosahau maneno. Anajibana kwenye kishimo mbele ya jukwaa, kichwa tu nje, mwaka wa ishirini na sita huu. Mshahara wenyewe mdogo, viatu vyake vya theluji vimechoka. Hanung'uniki. "Nakaa penye joto, nasikia hadithi, halafu nalipwa."

Shida ni mzee Gleb Ignatyevich. Kwenye kichekesho hiki cha zamani yeye ni mfanyabiashara mlevi, na mlevi anajitapa kwa mstari mmoja ulioazimwa kwenye mchezo wa huzuni wa zamani zaidi. Watunzi wa kale walipenda sana utani huo. Sasa, mchezo ule wa huzuni Gleb aliuigiza miaka mingi, yeye ndiye mfalme. Jumamosi alipofika kwenye mstari, mdomo ukaendelea wenyewe na maneno ya mfalme: badala ya kumwoza binti yake, akamlaani! Bwana harusi akabaki kaduwaa na keki mkononi.

Mwongozaji kasema akirudia leo, nafasi anapewa mwingine.

"Si ungeninong'oneza!" Gleb analalamika.

"Nilinong'ona, mzee wangu. Mfalme hasikii watu wa shimoni."

"Basi piga kelele."

"Ukishavaa taji unakuwa kiziwi wewe. Tazama mkono wangu tu."

Mstari unafika. Gleb anauachia kwa kishindo, kifua mbele, macho yameshaanza kuwa ya kifalme.  Zoya anainua glasi yake ya chai, limau likielea ndani.

Gleb anaiona. Anameza mate.

"Mama watoto," anasema, "hiyo chai vipi?"

Ndiyo maneno yenyewe ya mfanyabiashara! Bwana harusi anashusha pumzi. Mwongozaji anapunga mkono: endeleeni.

"Umenitia kiu, mchawi wewe," Gleb ananong'ona kuelekea shimoni.

"Oza binti kwanza."

Mwakani Gleb anastaafu. Zoya keshaomba siku ya kumuaga wacheze kichekesho hiki hiki.

"Akifika pale kwenye mstari, chai nakunywa mwenyewe," anasema. "Mwache aende na mfalme wake mpaka mwisho."