Ufunguo Usiolala Kwake

Katika maisha yake yote ya udereva, mali ya mtu ilikuwa haijawahi kulala nyumbani kwake. Ndiyo maana walimwita Mzee Amana. Kila jioni aliliegesha uani gari la mwajiri wake, Mama Dawa, mwenye duka la dawa, akapangusa vioo, akaingia jikoni kwa mlango wa nyuma na kuutundika ufunguo kwenye msumari ulio juu ya jokofu.

"Mama, nimerudisha."

"Haya baba, ufike salama."

Hapo ndipo roho yake ilipotulia, akaenda zake kwa miguu hadi kwenye chumba chake. Aliishi peke yake na redio, mkewe alishatangulia mbele ya haki.

Kisha mtoto wa Mama Dawa, anayefanya kazi mbali, akamletea mama yake gari jipya. Akaichukua simu ya Mzee Amana, akaibonyezabonyeza, akamrudishia.

"Tayari, mzee. Ufunguo ndio huo."

Mzee Amana akaigeuza simu, akaangalia mgongoni. "Uko wapi?"

"Umo ndani."

"Ndani wapi, mwanangu? Mimi nipe ule wa chuma."

Kijana alicheka mpaka akaegemea boneti. Akamweleza: ukisogea na simu, gari linafunguka, ukiondoka, linajifunga. Mzee akasogea, likafunguka. Akarudi kinyumenyume, likajifunga. Akasogea tena, safari hii kwa kunyata, likafunguka vilevile.

"Sasa nikipoteza simu, nimepoteza gari?"

"Hapana, mzee. Unaniambia tu, naufuta ufunguo nikiwa hukohuko."

Hapo ndipo alipozidi kuchanganyikiwa, maana ufunguo anaoujua yeye unafungua na kufunga, haufutwi. Mnaocheka chekeni, zamu yenu yaja.

Ila kilichomkosesha usingizi ni usiku wa kwanza. Gari liko kwa Mama Dawa, ufunguo wake umelala chini ya mto wa Mzee Amana! Alijiona mwizi ambaye hajapata nafasi tu. Kesho yake jioni akapata ufumbuzi. Akaifunga simu yake kikamba, akaingia jikoni na kuitundika kwenye msumari.

"Mama, nimerudisha."

"Haya baba, ufike salama," akajibu Mama Dawa, anakaanga vitunguu, hata hakugeuka.

Alipokuja kuiona simu inaning'inia, alidhani kwa mzee umeme umekatwa naye anaona haya kusema. Basi kila jioni akaichaji kimyakimya, na asubuhi akaitundika palepale. Wakaishi hivyo, kila mmoja akimkinga mwenzake na jambo lisilokuwepo.

Sasa Mzee Amana alikuwa na binti mmoja, mjamzito wa siku za mwisho, mumewe yuko safarini kikazi, naye anaishi upande wa pili wa mji. Walishapatana kwamba uchungu ukianza ampigie baba yake, na Mama Dawa mwenyewe alisharuhusu gari litumike.

"Saa yoyote, baba?"

"Saa yoyote, mwanangu."

Na hakudanganya, alisema kwa moyo wake wote. Ila kichwani mwake ahadi ilikaa chumba kimoja na simu ikakaa kingine, wala hazikuwahi kuonana.

Asubuhi moja akaingia jikoni, akamkuta Mama Dawa ameketi, macho mekundu, simu mkononi.

"Baba, kwako ni wapi?"

"Kwangu?"

"Jana usiku nimeuliza mtaa mzima, hakuna anayepajua! Binti yako kapiga, kapiga, hadi nikapokea. Simu ninayo, gari liko uani, dereva sina, na mimi kuendesha sijui!"

Mzee Amana alifungua kinywa. Yalikuwepo maswali mengi ya kuuliza, likatoka lisilo swali.

"Mama, ufunguo niliurudisha."

"Ufunguo?" Mama Dawa akashika kichwa. "Kumbe ulikuwa unanirudishia ufunguo? Mimi nilikuwa nakuchajia simu!" Alitaka kucheka, ikamshinda. "Baba wewe, ungekuwa wa kuniibia ungeniibia zamani. Binti yako kapelekwa hospitali na jirani yake, kajifungua. Wako salama wote wawili. Chukua gari uende."

Wodini binti hakumwamkia.

"Nilipiga, baba. Akapokea mama wa watu, analia kuliko mimi."

Mzee Amana akaanza kueleza: gari linalojifungua lenyewe, ufunguo usioshikika, mali ya watu, uaminifu. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojichanganya. Jana jioni mambo yaleyale yalikuwa na maana kabisa, leo hayakumwelea hata yeye.

"Gari la watu linalala, unajua lilipo," binti akasema, wala hakupaza sauti. "Mimi jana ulijua nilipo?"

Neno lile lilimchoma, kwa sababu lilikuwa la kweli. Akavua kofia, akasogea kando ya kitanda. Binti akamtazama weee, akafuta machozi kwa ncha ya shuka, kisha akamnyanyua mtoto.

"Shika. Huyu harudishwi kwa mtu."

Akampokea, na mikono iliyozoea usukani ikawa haijui pa kushika.