Ng'ombe Wasiohesabiwa

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mtu mwema, na wema wake nusura unikoseshe shule. Alitoka Iringa mjini, Kihesa, akapangiwa shule yetu kule Usangu, Mbeya, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Wenzangu darasani walikuwa watoto wa wakulima wa mpunga. Mtoto wa mfugaji nilikuwa peke yangu, sisi tukiwa tumehamia na mifugo kutoka kaskazini. Basi mwalimu, ili nisijione mgeni, kila hesabu akaitia ng'ombe. Mzee ana ng'ombe kumi na wawili, wamekufa watatu. Wamebaki wangapi?

Nilikaa kimya. Jibu nilikuwa nalo, tena kabla hajamaliza kuandika ubaoni! Ila kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Ukiwanyooshea kidole ukataja mmoja, wawili, watatu, umewaitia kifo. Ndivyo baba alivyolelewa, na ndivyo alivyonilea. Yeye jioni alisimama mlangoni mwa zizi, kundi likaingia lote, akasema tu, "Yule mweupe wa masikio meusi hajarudi." Hakukosea hata siku moja. Mimi pia niliweza.

Nikala viboko. Nikaitwa bubu, nikaitwa zuzu. Hasira niliyokuwa nayo, acha tu! Lakini ng'ombe wa baba wafe kwa sababu ya mdomo wangu? Thubutu.

Likaja darasa la nne, na siku zile mtihani wa la nne ulikuwa chujio: ukifeli, shule imekwisha, kachunge. Na shule mimi niliipenda kufa. Wiki moja kabla ya mtihani mwalimu akaja nyumbani. Akapewa kigoda na maziwa ya mgando, akamwambia baba kwa sauti ya upole, kama vile tumefiwa: "Mzee, usimpige mtoto. Akili ni kitu cha kurithi. Wewe hukusoma, na yeye ndivyo alivyo."

Baba akamshukuru, akamsindikiza mpaka njiani. Aliporudi akaniuliza, "Mwanangu, hesabu zinakushinda?"

"Hazinishindi, baba. Ni za ng'ombe."

Baba alikwenda kukaa peke yake kwenye uzio wa zizi mpaka mama alipomwita kula.

Asubuhi ya mtihani, nimeshavaa sare, akanishika mkono akanipeleka zizini.

"Hesabu," akasema.

"Nini, baba?"

"Hawa. Mmoja mmoja. Kwa sauti."

Mama alishika kichwa. "Mume wangu, umerogwa? Unataka kutumaliza?"

Baba akauinua mkono wangu, akanikunjua kidole yeye mwenyewe, akakielekeza kwa dume lake alilolipenda kuliko yote. "Anza na huyu. Kama kuna kufa, afe huyu kwanza."

Nikahesabu huku nalia, mpaka wa mwisho. Sabini na wanane.

"Kumbe ndio wengi hivi!" baba akasema, akacheka. "Haya, nenda. Wale wa karatasi hawana hata kwato."

Siku hiyo kwenye karatasi walikuwepo ng'ombe, mbuzi, hadi kuku, na wote niliwahesabu bila huruma. Matokeo yalipotoka nilikuwa wa kwanza shule nzima. Nililia, nikaruka, nikakimbia njia nzima mpaka nyumbani nikiwa nimesahau viatu shuleni!

Mwalimu alinifuata jioni ileile, jasho likimtoka. Ng'ombe walikuwa wanaingia zizini, na lile dume mbele yao, limenenepa, halina hata kikohozi. Baba alikuwa amesimama pale pale pake mlangoni.

"Mzee, hongera," mwalimu akasema. "Lakini hebu niambie, akili hii huyu mtoto kaitoa wapi?"

Baba hakugeuka. Aliacha kwanza ndama wa mwisho aingie.

"Si ulisema, mwalimu, ni kitu cha kurithi?"