Gonga na Kopo la Shemeji

Walimwita Gonga kwa sababu hakununua kitu bila kukigonga. Aliuza vipuri vya magari vilivyotumika, na kidole chake cha kati kilikuwa kimeota sugu kwenye kifundo. Rejeta ikimjibu kwa sauti nzito, aliipindua, na mchanga uliotiwa ili kuongeza uzito ukamwagika mbele ya aliyeileta. Basi siku daktari alipomgonga mgongoni kwa vidole, akisikiliza, Gonga alimheshimu papo hapo. Kisha picha zikaonyesha saratani kwenye pafu la kulia, uvimbe bado mdogo, wa kutolewa kwa upasuaji ukiwahiwa. Heshima ikapungua. Mafundi wanaokimbilia kusema "tufungue" alikuwa akiwajua.

Nesi alimweleza namna ya kuupa mwili nguvu na kinga kabla ya kisu: aache sigara kabisa, ale mayai, maharage na samaki, atembee kila siku, afanye mazoezi ya kuvuta pumzi, jino bovu ling'olewe. Na chochote anachomeza, hata majani ya kuchemsha, akitaje.

Kilichomtia shaka ni kwamba hayo yote hayakuwa na bei. "Mtu akikupa cha bure," alimwambia mkewe njiani, "ujue umeshakilipia mahali usipopajua."

Haukupita muda, kaka wa mkewe akaja na kopo la unga wa kijani. Kinga ya mwili kwa kijiko, alisema, hata madaktari wanautumia kwa siri. Gonga akaligonga kopo, akanusa, akasema bei ile ni ya wizi. Wakavutana mchana kutwa. Shemeji akaapa, akainuka kuondoka, akarudia mlangoni, mwisho akaliacha kwa nusu ya bei. Hapo ndipo Gonga alipopotea. Kitu alichokishindania bei hakukishuku tena. Akawa anakoroga kijiko asubuhi na jioni, na hospitali hakutamka neno. Mnunuzi mwenye akili hafungui mfuko wote kabla hajajua mwenzake ameficha nini.

Siku ya kulazwa aliulizwa anameza nini. Hakuna, akajibu. Nesi akamtoa damu, akabana pamba. Pamba ikalowa. Akabana nyingine, kisha akapandisha mkono wa shati. Michubuko ya zambarau ilienea hadi juu ya kiwiko.

"Mzee, umegongwa na nini?"

"Mimi ndiye ninayegonga."

Nesi hakucheka. Aliuliza: kama tundu la sindano linakataa kukauka, pafu likifunguliwa itakuwaje?

Gonga akashusha mkono wa shati. Mkewe, aliyekuwa pembeni muda wote, akaingiza mkono kwenye kikapu na kuliweka kopo kitandani.

"Mficha uchi hazai, mume wangu. Kuzaa tumeshamaliza, lakini sema."

Kikulacho ki nguoni mwako, akawaza Gonga, akimkodolea macho.

Daktari akaitwa, akasoma ubavuni mwa kopo: kitunguu saumu, tangawizi, na majani yasiyotajwa jina. Vitu vya namna hiyo, kwa wingi ule, vinaweza kuifanya damu ichelewe kuganda, na yeye habahatishi kifuani mwa mtu. Upasuaji ukaahirishwa. Uvimbe haukuambiwa usubiri.

Shemeji alipoulizwa majani yale ni ya nini, alijibu kwamba naye alinunua hivyo hivyo. Gonga akalipindua kopo jalalani kama rejeta ya mchanga. Kisha akaanza yale ya bure, huku amenuna. Alikula mayai na maharage, akang'oa jino, akatembea kati ya maduka ya vipuri huku wenzake wakiuliza ni mke gani anamfukuza.

Damu ilipotulia, aliitwa tena. Safari hii hakungoja swali. Alikung'uta mifuko kitandani: peremende za kikohozi, vidonge vya jino, sigara moja iliyopinda.

"Mzigo wote huu. Hiyo sijaiwasha, ila nimeinusa."

Nesi akaichukua sigara. Gonga akamgeukia daktari.

"Sasa zamu yako. Fundi mwaminifu akibadilisha kifaa, humwonyesha mwenye gari kile cha zamani. Na mimi nataka kukiona mtakachokitoa."

Daktari akamwahidi picha.

"Picha," alinung'unika Gonga. "Nani asiye na picha?"

Lakini alikuwa ameshaanza kufungua vifungo vya shati mwenyewe.