Neno Nililokataa Kulifuta

Harufu ya nyasi za paa zilizoungua kisha zikanyeshewa na mvua naijua mpaka leo. Ndivyo ilivyonuka nyumba yetu ya vilimani Heru Juu, katikati ya miaka ya sabini, siku serikali ilipotuhamishia kijiji kipya kando ya barabara. Paa lilichomwa ili tusirudi. Maharage ya mama ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa maua, na migomba tuliiacha na mikungu yake. Tuliambiwa tutakwenda kuvuna baadaye. Tulipokwenda, nyani na nguruwe mwitu walikuwa wamemaliza kila kitu. Tulilala njaa msimu mzima, na hasira ile sikuiacha nyumbani nilipokwenda shule.

Mwaka uliofuata nilikuwa darasa la saba. Mwalimu wetu wa Kiingereza, kijana wa Kibondo mwenye suruali iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa, aliandika ubaoni neno disastrously. Akaeleza kwamba maana yake ni kwa maafa, na halitumiki kwa kila baya: mtu akijikwaa, amejikwaa vibaya tu, lakini mvua ikibomoa daraja na wagonjwa wakakwama ng'ambo, hapo ndipo mahali pake. Kila mmoja atunge sentensi, na zilizo nzuri zibandikwe ukutani, kwani mgeni wa wilayani alikuwa anakuja. Niliandika kwamba tulihamishwa kwa maafa.

"We binti, futa," mwalimu akaninong'oneza. Nikasema sifuti. Alinichapa fimbo nne, akaniambia nisirudi bila mzazi, na mtihani wa mwisho ulikuwa mwezi uleule.

Mama alikuja na jembe begani. Aliuliza neno lile maana yake nini, naye akaelezwa, daraja na yote.

"Sasa mtoto amekosea wapi?"

"Hajakosea, mama. Naogopea kazi yangu."

"Ogopa, mwalimu, sikukatazi. Lakini yeye hafuti."

Mwalimu akanirudisha darasani. Sentensi yangu haikubandikwa, ila ilibaki daftarini, na mtihani nikaufanya.

Siku hizi mikutanoni kila balaa linaitwa changamoto: njaa changamoto, mafuriko changamoto. Wanangu hunisihi nilainishe maneno, eti nimekuwa mtu mzima. Silainishi. Zamani ilibidi mtu achapwe ndipo afute. Leo tunafuta wenyewe, kisha tunapigiana makofi ya pongezi.