Begi la Kukua Nalo

Kwetu mtoto hanunuliwi kitu kinachomtosha. Sweta mikono inakunjwa, viatu vinajazwa kitambaa mbele, sketi inapigwa pindo pana la kufunguliwa baadaye, na ukiuliza kwa nini unajibiwa neno moja tu: atakua. Sisemi ni vibaya. Mahindi tunauza mara moja kwa mwaka na mtoto anakua kila siku, sasa mzazi afanyeje? Hata mimi nimelelewa hivyo. Lakini begi siyo sweta. Hilo nimelisema nyumbani mpaka mdomo umechoka, na hata sasa ninapoliandika sina uhakika kama nimelisema vizuri, maana shule yangu iliishia darasa la saba na mambo ya mifupa sikusomea.

Begi lenyewe alilinunua mume wangu, Sumbawanga mjini, binti yetu alipokuwa anaingia darasa la nne. Nilikuwepo, kwa hiyo nasimulia nilichokiona. Mwenye duka ni baba mmoja mtu mzima ambaye tunanunua kwake siku zote. Alitoa begi dogo la bluu, mikanda yake ina sponji nene, akamvalisha mtoto. Likamkaa mgongoni kama limeshonwa kwa ajili yake.

"Hili ndilo lake," akasema.

"Hilo la chekechea," mume wangu akasema. "Nishushie lile la juu."

"Lile la wanafunzi wa bweni, mzee. Wanaweka mpaka shuka."

"Kwani hatakua?"

"Atakua, inshallah. Ila siyo leo mchana."

Tukacheka wote, mume wangu kuliko sisi, na begi la juu likashuka. Nisimwonee. Lilikuwa begi imara, zipu zake za chuma, kitambaa hakipitishi maji, na huku kwetu Ufipa mvua za mwezi wa kwanza hazina mchezo. Kama ungekuwa unanunua begi kwa ajili ya begi, ungechukua hilo hilo.

Shida ni kwamba lilivaliwa na mtu. Mikanda hata ukiivuta mpaka mwisho, vifungo vyake vya plastiki vilikuwa vinateleza, na tukitoka nyumbani Kasense hatujafika barabarani begi limeshashuka mpaka linapiga mapaja. Ukimtazama mtoto kwa nyuma unaona begi lenye miguu. Basi akajitafutia njia yake, akawa analitundika bega moja, la kulia, na kuinama upande wa pili ili lisianguke. Niliona. Nikadhani ni maringo ya kike ya umri ule.

Siku moja nilitaka kulisogeza nifagie, likanishinda kwa mkono mmoja. Nikalifungua. Kulikuwa na kaunta buku za kila somo, masomo mengine mbili mbili, moja ya kazi za darasani na moja ya mazoezi. Vitabu alivyoazimwa na shule. Kamusi. Chupa ya maji. Sahani na kikombe cha uji. Raba za michezo zilizofungwa kwenye mfuko.

"Leo mlikuwa na masomo yote haya?" nikamuuliza.

"Hatujui, mama. Ratiba ipo ukutani, ila anaingia mwalimu aliyepo. Ukikosa daftari lake unapiga magoti."

"Na hivi vitabu si vya shule? Vibaki shuleni."

"Vikipotea analipa nani?"

Mtoto alikuwa ameshapiga hesabu zake na hesabu zilikuwa sahihi.

Jambo lilijulikana kwa fundi cherehani. Tulikwenda kupima gauni la komunyo ya kwanza, jeupe, la kawaida tu. Fundi akapitisha futi mabegani, akasimama, akamgeuza mtoto, akapitisha tena.

"Dada," akaniambia, "huyu bega moja limepanda."

"Amesimama vibaya. Simama vizuri wewe."

"Amesimama vizuri. Tazama mwenyewe. Nikikata gauni sawasawa, pindo litakwenda upande."

Nikatazama. Bega la kulia lilikuwa juu kweli, kama mtu anayeinua bega kusema sijui. Mtoto mwenyewe akasema, bila kulalamika, kama anayekutajia saa, "Hapa huwa panauma," akashika chini ya shingo. Tangu lini? Tangu zamani. Sasa zamani ya mtoto wa darasa la nne ni lini?

Sitaficha kwamba niliogopa. Niliona mgongo wa mwanangu umeshapinda na hautanyooka, na kitambaa cha gauni nilikisahau pale pale mezani.

Hospitali tulimkuta daktari kijana. Alimwambia mtoto avue sweta, ainame mbele, mikono ining'inie, halafu yeye akapiga goti nyuma yake akawa anautazama mgongo kama fundi anavyoangalia ukuta kama umekaa sawa.

"Mfupa uko sawa," akasema.

Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

"Ngoja nimalize, mama." Akaeleza kwamba ni nyama za mgongo na bega zimechoka, mtoto analivuta bega juu kuzuia mkanda usiteleze, mpaka amezoea kulivuta hata akiwa hana begi. Avae mikanda yote miwili. Ikazwe, begi likae juu ya kiuno lisining'inie. Vitabu vizito vikae karibu na mgongo, siyo kule nje. Na kabla ya hayo yote, mzigo upungue. Nimrudishe baada ya likizo amwangalie tena, na maumivu yakishuka miguuni au yakimwamsha usingizini nisisubiri likizo. Mwisho akauliza, "Na hili begi ni la nani?"

"Lake."

Akalitazama, akamtazama mtoto, akaandika dawa ya kuchua.

Maneno ya daktari yalikuwa mepesi kuyashika. Kuyatekeleza ndiko kulinitoa jasho. Nilipomwambia mume wangu nataka mikanda ikatwe, alilikumbatia begi kama nimesema tukate mguu wa ng'ombe.

"Ukikata leo, darasa la sita atavaa nini?"

"Baba watoto, darasa la sita atafika na mgongo gani?"

"Daktari si amesema mfupa mzima?"

"Amesema leo."

Tulinuniana kutwa nzima. Jioni alichukua sindano ya gunia na uzi wake, akaikunja mikanda bila kuikata, akaishona mkunjo juu ya mkunjo, anavuta uzi kwa meno. Ilikaa imara kuliko ambavyo ningeweza mimi. Vile vifungo havikuteleza tena. Hilo nalo lazima niliseme, maana nimeshasema mengine.

Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kutoka Mwimbi kutusaidia kuvuna, alikuwa na dawa yake. Yeye alishangaa tangu mwanzo kwa nini mtu abebe mzigo mgongoni kama punda wakati Mungu amempa kichwa. Anasema kwa Kifipa, mimi naandika kwa Kiswahili, kwa hiyo utamu umepungua. Asubuhi moja alisokota kitambaa akafanya kata, akaiweka kichwani kwa mjukuu wake na begi juu yake. Na kweli mtoto alinyooka kama mlingoti. Nilitaka kubisha nikakosa nguvu, kwa sababu bibi huyu ana miaka yake na anatembea amenyooka kuliko mimi. Ila ni yeye huyo huyo kila jioni anayeniomba nimkande shingo. Nikamkumbusha, kwa adabu.

"Mama, na shingo?"

"Shingo ni ya uzee."

Mtoto alifika nalo kichwani mpaka kona. Wenzake wakamwona. "Karanga shilingi ngapi, mama?" wakamuuliza. "Za kukaanga au mbichi?" Begi likashuka, likarudi bega la kulia.

Kwa hiyo nikawa namsindikiza asubuhi kuhakikisha mikanda miwili imevaliwa. Upepo wa miezi ile unakata masikio, mimi nimejifunga kitenge, natembea nyuma ya mtoto wa darasa la nne kama askari. Uani mikanda miwili. Nikigeuka nyuma kumjibu jirani anayenisalimu, mmoja.

"Mama, mikanda miwili wanavaa watoto."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi niko la nne."

Nilitamani kukaa chini pale barabarani. Nilikuwa nahangaikia mgongo ambao mwenyewe haumhangaishi, baba yake anahangaikia mikanda, bibi anahangaikia heshima ya kichwa, na mzigo wenyewe hakuna aliyeugusa. Ndipo niliposema nitasema kwenye kikao cha wazazi, mimi ambaye kwenye vikao huwa nakaa karibu na mlango.

Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Zilizungumzwa habari za mahindi ya uji, kuni, choo. Ilipofika mengineyo nikasimama. Nilikuwa nimeyapanga maneno vizuri njiani, lakini yalitoka yamechanganyika, mfupa mbele ya ratiba, daktari nyuma ya kamusi. Baba mmoja aliyekaa dirishani akaniokoa, au akanimaliza, sijui.

"Mama, tukuchangie punda ambebee?"

Darasa zima likacheka.

"Sisi tumebeba magunia tangu wadogo," akaendelea. "Mbona tuko wazima?"

Mama mmoja wa nyuma akamjibu, "Wewe mzima? Juzi si ulishindwa kuinuka kanisani mpaka ukashikwa mkono?"

Wakacheka zaidi, na baba yule akacheka pia, akashika kiuno chake akakitikisa. Mimi nikaketi. Hakuna lililoamuliwa. Niliondoka nimekasirika, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba sikuweza kumchukia mtu yeyote mle ndani.

Mwalimu wa darasa alinifuata nje. Mwanamke mdogo kuliko mimi, chaki mpaka kwenye nyusi.

"Mama, ulichosema ni kweli. Lakini njoo uone."

Akanionyesha kabati la darasa. Mlango mmoja haukuwepo. Ndani kulikuwa na vitabu vilivyoliwa pembe zote, na mavi ya panya. Akasema panya wanafuata mahindi ya uji yaliyo stoo ya jirani, wakimaliza wanahamia kwenye karatasi. Ratiba ataibana, hilo liko mikononi mwake, atawaambia watoto kila jioni masomo ya kesho, na mwenzake akiingia bila zamu atamwelewesha. Lakini vitabu vya kuazima na kamusi aviache wapi? Sauti yake ilikuwa imechoka akisema hivyo. Nilikuwa nimekuja na hasira juu ya mwalimu huyu tangu siku ile ya magoti, na sasa sikujua niiweke wapi.

Nyumbani tuna pipa. La chuma, lina mfuniko wa kubana na kitasa cha kufuli. Ndani yake tulikuwa tunaweka maharage ya kula mwaka mzima, na panya hajawahi kuonja hata moja. Niliwaza njia nzima. Nilipofika nikamwambia mume wangu.

"Pipa," akasema.

"Ndiyo."

"Na maharage?"

"Kwenye magunia, kama watu wengine."

"Watu wengine wana panya."

"Baba watoto, mtoto anaumwa bega."

Sitasema alikubali. Alitoka akaenda kwa jirani kuazima mkokoteni. Mama yake alisimama mlangoni akitutazama tunamimina maharage, akasema hajawahi kuona nyumba inayolisha vitabu. Pipa likapelekwa, likawekwa nyuma ya dawati la mwalimu, ufunguo anao yeye. Halitoshi kwa darasa zima. Mwalimu akaamua liwe la vitabu vya wanaotoka mbali na la kamusi, na wanaokaa karibu na shule wakanung'unika, na sioni walikosea wapi.

Begi sasa naliinua kwa mkono mmoja. Mikanda miwili anavaa siku nyingine, siku nyingine havai. Nimeacha kumfuata.

Wiki iliyopita mume wangu aliniita stoo. Gunia la pembeni lilikuwa na tundu la kupita ngumi, maharage yametapakaa sakafuni, yamechanganyika na mavi ya panya na nyuzi za gunia.

"Tazama," akasema. Alilisema mapema na limekuwa.

Tukachutama wote wawili tukaanza kuokota, yeye na ungo wake, mimi na wangu, kila mtu na hasira yake. Binti yetu akarudi kutoka shule, akatuamkia, akatupa begi kitandani, akaja kuchutama katikati yetu akaokota na yeye.

"Bega vipi?" nikamuuliza.

"Lipi?"

Alikuwa anauliza kweli. Nikamtazama mgongoni alivyoinama, upande huu na upande huu, na sikuamini macho yangu, maana ningependa mno kuona mabega yalivyo sawa, na mtu akipenda hivyo huona. Likizo ikiisha nitampeleka kwa daktari, yeye ndiye aseme. Baba yake naye alikuwa amesimamisha mkono, anamtazama mgongoni hapo hapo ninapotazama mimi. Kisha akapepeta ungo wake, akapuliza makapi, akasema tutafute paka.